Kutenga seli za stroma kutoka uboho wa waliopandikizwa: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya hayakutungwa mezani. Mengine huulizwa na wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, mengine na wauguzi wanaotuletea sampuli, na mengine, ambayo aghalabu ndiyo magumu kushinda yote, na wagonjwa wenyewe na jamaa zao wakiwa kwenye benchi wanangoja. Nimeyaacha yafuatane vile yanavyokuja. Maabara yetu ni chumba kimoja hapa Mombasa, kiyoyozi kimoja, na wagonjwa wengi tunaowaona walipandikizwa uboho nje ya nchi, hasa India, wakarudi nyumbani kufuatiliwa.

Seli za stroma ni nini hasa?

Aliyekula supu ya mifupa anaujua uboho: ule utelezi wa ndani ya mfupa unaofyonzwa kwa kelele. Kwa mtu mzima, uboho mwekundu unaotengeneza damu umebaki zaidi kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari. Humo mna jamii mbili. Ya kwanza ni seli zinazozaa damu. Ya pili ni stroma, yaani wale wanaoshikilia mahali penyewe: seli ndefu nyembamba, seli za mafuta, kuta za mishipa midogo.

Mimi huwaambia watu wafikirie nyumba ya vyumba vya kupanga kule Majengo. Wapangaji huingia na kutoka. Mwenye nyumba yupo siku zote, na ndiye ajuaye bomba linavuja wapi. Stroma hutoa protini, kama ile iitwayo CXCL12, zinazoita seli shina za damu zije na kuzifanya zitulie. Mwaka 1978 Raymond Schofield alitoa hoja kwamba seli shina ya damu haibaki kuwa seli shina popote itakapowekwa, ila ikiwa mahali pake. Kabla yake, katika miaka ya 1960 na 1970, Alexander Friedenstein na wenzake katika Muungano wa Sovieti walikuwa wameonyesha kwamba ukimwaga uboho kwenye chombo, seli chache hunata chini na kila moja huzaa koloni lake. Kazi tunayoifanya leo, ukiivua vifaa vya kisasa, ni ile ile.

Utasikia pia jina "seli shina za mesenkaima", alilolieneza Arnold Caplan mwaka 1991. Mimi nasema stroma, kwa sababu si kila kinachonata chini ya flaski ni seli shina.

Kwa nini mnataka uboho wa waliopandikizwa na si wa mtu mzima wa afya?

Wa mtu wa afya pia tunautaka, wa kulinganishia. Lakini aliyepandikizwa ana jambo ambalo wengine hawana. Kabla ya kupewa uboho mpya alipewa dawa kali, na pengine mionzi, za kuwafukuza wapangaji wa zamani. Mwenye nyumba alikuwamo wakati huo huo, akapigwa pamoja nao. Kisha wakaja wapangaji wageni. Wengine wanakaa vizuri, hesabu ya damu inapanda. Wengine vipimo vinaonyesha seli za mtoaji zimeshika uboho wote, lakini damu bado ni haba, mgonjwa anaongezewa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, wiki baada ya wiki. Hapo swali linakuwa: je, kasoro ni ya wapangaji au ya nyumba? Huwezi kulijibu bila kuitoa stroma na kuitazama peke yake.

Baada ya kupandikizwa, stroma ni ya mgonjwa au ya mtoaji?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote kwenye ukurasa huu ni watumishi wake.

Mwaka 1982 Armand Keating na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba tabaka linalonata kwenye uboho wa waliopandikizwa ni la mtoaji. Mwaka 1987, katika jarida hilo hilo, Paul Simmons na wenzake wakaandika kinyume: stroma ni ya mpokeaji. Tafiti nyingi zilizofuata kwa watu wazima zimeegemea upande wa pili. Damu inakuwa ya mtoaji, stroma inabaki ya mgonjwa.

Mtu atauliza, wataalamu wakubwa wanawezaje kutofautiana juu ya kitu kinachoonekana kwa hadubini? Jibu ni kwamba tabaka linalonata halina jamii moja. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza takataka, nao hunata, tena kwa nguvu, na makrofaji ni watoto wa seli za damu, kwa hiyo ni wa mtoaji. Ukilipima tabaka zima bila kuchambua, unapata asilimia fulani ya mtoaji, na usipoangalia utasema stroma imebadilika. Kunata si kitambulisho.

Basi damu yangu sasa ni ya kaka yangu. Nikizaa, mtoto atamrithi nani?

Wewe. Mama mmoja aliniuliza hivi kwa sauti ya chini kabisa, akidhani ni swali la aibu. Si la aibu. Uboho uliopandikizwa hubadilisha damu na kinga. Hata kundi la damu hugeuka likawa la mtoaji. Mayai ya mwanamke na mbegu za mwanamume hazibadiliki. Kwa hivyo aliyeponywa selimundu kwa kupandikizwa bado hupitisha jeni ya selimundu kwa watoto wake. Hapa Pwani, ambako jeni hiyo imeenea, ni vizuri mchumba naye apimwe kabla ya harusi.

Mnautoa wapi, na inauma?

Nyuma ya nyonga, pale penye kijivimbe cha mfupa juu ya tako. Ngozi na ganda la mfupa hutiwa ganzi. Sindano ikiingia husikii maumivu makali, unasikia kusukumwa. Kinachouma ni ule wakati wa kuvuta, sekunde chache, maumivu ya kushuka hadi mguuni ambayo ganzi haiyafikii. Atakayekuambia haiumi kabisa hajawahi kulala kwenye kitanda kile. Baadaye daktari hubonyeza kidonda kwa muda, na kwa mwenye chembe sahani chache hubonyeza zaidi.

Sisi hatumtoboi mtu kwa ajili ya utafiti tu. Daktari akiwa anachukua uboho kwa vipimo vya matibabu, na mgonjwa amekubali kwa maandishi, tunaomba mililita chache za ziada.

Kwa nini mnaomba kidogo hivyo? Si mngevuta bomba zima mara moja?

Kwa sababu ya kwanza ndiyo tamu. Mililita moja au mbili za mwanzo ndizo zenye seli nyingi za stroma. Ukiendelea kuvuta pale pale, mishipa inapasuka, damu ya kawaida inaingia, na unachobeba ni damu yenye harufu ya uboho. Bomba kubwa lililojaa humfurahisha mwanafunzi, lakini ndani yake hamna kitu.

Hapa pana mvutano wa haki kati yetu na wodi. Mvuto wa kwanza ni wa mgonjwa: ndio wa slaidi, ndio wa kujua kama saratani imerudi. Sisi hatuugusi. Tunachomwomba daktari ni asogeze sindano kidogo ndani ya tundu lile lile la ngozi, kisha avute mililita 2 au 3 zetu mahali papya. Wengi hukubali wakieleweshwa.

Sampuli ije vipi?

Ndani ya bomba lenye heparini isiyo na kihifadhi, igeuzwe polepole mara kadhaa ili isigande, na iandikwe msimbo, si jina. Ifike siku hiyo hiyo. Ikibidi, isipite saa 24.

Vitabu vinasema "joto la chumba". Vitabu hivyo viliandikwa kwenye vyumba vya nyuzi 20. Chumba cha Mombasa mwezi wa Machi si chumba, ni tanuri. Tumia kibaridi chenye vifuko vya jeli, weka taulo kati ya jeli na bomba, na usitie barafu. Nimepata sampuli iliyovuka feri ya Likoni imelazwa juu ya barafu ya samaki, kwa nia njema kabisa. Upande mmoja ulikuwa umeganda.

Hatua zenyewe zikoje? Elezeni kama mnampikia mtu anayeangalia.

Haya, vaa glavu, tukae kwenye kabati la hewa safi. Kila sampuli ya mtu huchukuliwa kama yenye uwezo wa kuambukiza, hata kama karatasi inasema vipimo vyote ni safi.

Mimina uboho kwenye sahani pana na uinamishe. Utaona damu ikiteremka na vijipunje vidogo vya rangi ya samli vikibaki nyuma. Vile ndivyo vipande vya uboho halisi. Visipokuwapo, jua umeletewa damu. Vipitishe kwenye chujio la tundu za maikromita 70 ukivisugua taratibu kwa kichwa cha bomba la sindano, halafu punguza uzito wa yote kwa maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti, kiasi kwa kiasi.

Sasa Ficoll, kimiminika chenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita. Kitangulie chini ya tyubu. Juu yake mwaga uboho uliopunguzwa, ukiuteremsha kwenye ukuta wa tyubu iliyolala kidogo, tone likifuata tone. Hapa mkono ndio mtihani. Nimeona watu wenye shahada mbili wakishindwa, na msichana aliyezoea kumwaga tui zito juu ya mkate wa sinia bila kuharibu uso wake akaweza mara ya kwanza. Mstari kati ya nyekundu na nyeupe uwe mkali kama ukingo wa kanga mpya.

Sentrifuji: mara 400 ya mvutano wa dunia, dakika 30, nyuzi 20, breki imezimwa. Breki ikiwashwa, tabaka linavurugika na kazi yote inakwenda bure. Na nyuzi 20 si mapambo: Ficoll ikiwa moto huwa nyepesi, na seli unazozitaka huzama pamoja na nyekundu. Ndiyo maana kiyoyozi chetu kikiharibika tunaahirisha.

Ikisimama, utaona tabaka nne. Juu majimaji ya manjano. Kisha utando mwembamba wa ukungu, kama moshi uliokwama. Kisha Ficoll angavu. Chini kabisa, nyekundu. Unautaka ule ukungu. Uchukue kwa pipeti ukizunguka ukingoni, uoshe mara mbili, uhesabu.

Panda seli 160,000 hadi 200,000 kwa kila sentimita ya mraba. Flaski ya sentimita 25 za mraba inakula kama milioni 4 au 5. Mchuzi wake (hilo ndilo jina letu la midia, chakula cha seli) ni DMEM yenye glukosi kidogo au alfa-MEM, pamoja na seramu asilimia 10, glutamini na viuavijasumu. Inkubeta nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5. Kisha usiiguse. Usiifungulie mlango kuionyesha kwa wageni. Baada ya siku 2 au 3 mwaga zinazoelea, osha, tia mchuzi mpya, na tangu hapo badilisha mara mbili kwa wiki.

Nitegemee seli ngapi?

Chache kuliko unavyodhani. Katika uboho wa mtu wa afya, stroma ni kati ya seli 1 kwa 10,000 na 1 kwa 100,000 za ule ukungu. Ukipata ukungu wa seli milioni 10, umebeba stroma 100 hadi 1,000 tu, zilizobaki zote ni umati. Kwa aliyepandikizwa hesabu huwa chini zaidi, na hukaa chini kwa miaka, hata kama damu yake imerudi vizuri. Damu hupona mapema, nyumba hukawia kujengwa.

Kwa hivyo usiigawe sampuli ndogo kwenye flaski nyingi kwa tamaa. Ipe flaski moja, uivumilie.

Siku ya tatu nimeona seli nyingi zimenata. Nimefaulu?

Bado. Huenda umefaulu kukuza makrofaji.

Nitakuambia yaliyonifika. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii, katika maabara nyingine, nilipata flaski iliyojaa kufikia siku ya nne kutoka kwa mwanamke aliyepewa uboho na kaka yake. Nikatafuta kromosomu Y kwa kipimo cha mng'ao, kinachoipa kromosomu rangi inayong'aa chini ya hadubini. Nyingi zilikuwa nayo! Nikatoka mbio kumwambia daktari kwamba stroma ya mgonjwa imekuwa ya kiume. Alikuwa anakunywa kahawa. Hakuinua kichwa. "Umepima CD14, mwanangu?" Sikuwa nimepima alama hiyo, ambayo makrofaji huibeba. Alimaliza kikombe, nami nikarudi nilikotoka polepole kuliko nilivyokuja. Zilikuwa makrofaji, karibu zote.

Makrofaji ni duara au yai la kukaanga, kila moja kivyake. Stroma inachelewa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 utaona kwanza seli tatu nne ndefu, ncha kali pande zote mbili, kama miyaa iliyodondoka kutoka kwa msukaji. Kisha zinaongezeka na kulala upande mmoja, zikijipinda kwa pamoja kama kundi la dagaa linalogeuka majini. Hilo ndilo koloni, na ukiliona mara moja hutalisahau.

Makrofaji nitawaondoaje?

Kwanza kwa ujanja wa bure. Tripsini yenye EDTA, dakika 3 hadi 5, huziachisha stroma mapema, makrofaji hung'ang'ania. Gonga flaski kidogo, chukua zilizoelea, waache wao na flaski yao. Usikwangue. Usizidishe dakika. Kufikia mhamisho wa pili au wa tatu, yaani kuzihamishia seli flaski mpya, wengi wamekwisha. Flaski ihamishwe ikiwa imejaa asilimia 70 hadi 80, na upande seli 1,000 hadi 5,000 kwa sentimita ya mraba.

Ukiwa na fedha, kuna vijichembe vya sumaku vyenye kingamwili: ama unazitoa zote zenye CD45, alama ya seli za damu, mwanzoni, ama unazivuta zenye CD271, alama ya stroma. Ni safi na ni haraka, lakini kwa sampuli ndogo ya aliyepandikizwa kila kuosha kunapoteza seli ambazo hukuwa nazo nyingi. Mimi kwa sampuli ndogo hupendelea subira.

Nitathibitishaje kwamba ni stroma?

Jumuiya ya Kimataifa ya Tiba ya Seli iliweka masharti mwaka 2006 na bado ndiyo tunayoyafuata. Zinate kwenye plastiki. Asilimia 95 au zaidi ziwe na alama za CD105, CD73 na CD90. Zisizidi asilimia 2 zenye CD45, CD34, CD14 au CD11b, CD19 au CD79a, na HLA-DR. Na ziweze kugeuka mfupa, mafuta na gegedu zikiwa kwenye chombo.

Wanafunzi hulipenda hili la mwisho, nami pia. Baada ya wiki tatu kwenye mchuzi wa mfupa, rangi ya alizarini inashika chokaa na sahani inakuwa nyekundu ya matofali. Kwenye mchuzi wa mafuta unaona matone ndani ya seli, kama mafuta juu ya mchuzi wa pweza. Gegedu ndilo la kununa: lazima seli kama 250,000 zikusanywe zikawa kitonge, na kitonge kikipotea kwenye pipeti, ndio basi.

Neno moja kuhusu HLA-DR. Seli zikikaa karibu na mwako wa kinga zinaweza kuionyesha, hata kama ni stroma safi. Usizitupe kabla ya kuangalia alama nyingine.

Na nitathibitishaje ni za nani?

Kama mtoaji na mpokeaji ni wa jinsia tofauti, tumia kipimo cha mng'ao cha kromosomu X na Y, ukihesabu seli moja moja. Kama ni jinsia moja, tumia marudio mafupi ya DNA, kipimo kile kile wanachotumia mahakamani. Kwa hicho unahitaji vielelezo viwili vya mwanzo: DNA ya mgonjwa kabla ya kupandikizwa, na ya mtoaji. Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, maana mgonjwa alipandikizwa mbali na sampuli yake ya zamani imebaki huko. Usichukue mate ya sasa ukadhani ni yake mwenyewe, mate yana seli nyeupe za damu, na hizo ni za mtoaji. Kucha ni afadhali. Sampuli ya zamani ndiyo bora, kwa hivyo andika barua mapema.

Aliyepandikizwa uboho wake mwenyewe, kama wagonjwa wengi wa myeloma (saratani ya uboho), hana swali hili. Kwake kila kitu ni chake.

Seli zangu zimekuwa kubwa, bapa, na hazigawanyiki tena.

Zimezeeka. Za waliopandikizwa huzeeka mapema. Fanya majaribio yako kwenye mhamisho wa 2 hadi wa 4, na nyingine zigandishe mapema: DMSO, kimiminika kinachozilinda seli na barafu, asilimia 10, joto lishuke nyuzi moja kwa dakika, kisha nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Anayengoja ziwe nyingi kwanza ndipo agandishe, hugandisha wazee.

Seramu ya ndama ni ghali na inachelewa bandarini. Kuna mbadala?

Lisati ya chembe sahani za binadamu. Mifuko ya chembe sahani iliyopita muda wa kuongezewa mgonjwa hugandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa mpaka seli zipasuke, kisha huzungushwa na kuchujwa. Seli hukua ndani yake haraka kuliko ndani ya seramu. Lakini ina fibrinojeni, na mchuzi una kalsiamu. Ukisahau kutia heparini, asubuhi utakuta flaski imekuwa faluda. Nimeshaila hasara hiyo mara mbili, ya pili bila kisingizio chochote.

Kuvu inatumaliza kila masika. Tufanye nini?

Si masika tu, ni Mombasa. Unyevu hapa unaotesha ukungu hata kwenye mkanda wa kiatu. Maji ya sinia ya inkubeta yawe yaliyotoneshwa na yenye salfeti ya shaba kidogo, yabadilishwe kila wiki. Maboksi ya karatasi ngumu yasiingie chumbani kabisa. Viatu vibaki mlangoni kama unaingia msikitini. Flaski yenye nyuzinyuzi za kijivu usijaribu kuitibu kwa dawa, ifunge, itoe, iingie kwenye otoklavu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu. Na kila mwezi pima mikoplasma, maana yeye haonekani, haubadilishi mchuzi rangi, na huharibu matokeo yako ukiwa unatabasamu.

Stima ikipotea?

Usifungue mlango wa inkubeta. Imefungwa, joto linahimili kwa muda. Ukichungulia kila dakika kumi unalimwaga nje. Betri ya akiba iwe ya inkubeta, si ya kompyuta. Mchuzi ukigeuka zambarau, kaboni dayoksaidi imekwisha. Ukigeuka manjano, seli zimejaa au bakteria wameingia.

Je, kuna kitu cha nguruwe katika kazi hii?

Kipo, na sipendi kumficha mtu. Tripsini ya kawaida hutoka kwenye kongosho la nguruwe, na heparini nyingi hutoka kwenye utumbo wake. Seramu ni ya ndama aliye tumboni. Kwetu seli hazirudi mwilini mwa mtu yeyote, ni za uchunguzi, lakini mgonjwa ana haki ya kujua kabla ya kutia sahihi. Kuna kimeng'enya kilichotengenezwa kwa vijidudu kinachofanya kazi ya tripsini, nacho tunakitumia tukikipata. Hukumu ya sheria si yangu; muulize shehe unayemwamini. Mzee mmoja alituambia tumngoje akamuulize shehe wake kwanza. Alirudi baada ya wiki, akatia sahihi. Sikumuuliza aliambiwa nini.

Seli hizi zitanitibu mimi?

Hapana, si hizi. Ziko maradhi ambayo stroma imetumika kutibu, hasa lile la pandikizi kumshambulia mwenyeji. Mwaka 2004 Katarina Le Blanc na wenzake huko Sweden waliripoti mtoto wa miaka 9 aliyekuwa hoi, akapewa seli za stroma za mama yake, akapata nafuu. Matokeo ya baadaye yamekuwa ya kupanda na kushuka. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya aina hiyo kwa watoto ambao steroidi zimeshindwa kuwasaidia. Hizo hutengenezwa kwenye viwanda vyenye masharti makali sana, si kwenye chumba cha kiyoyozi kimoja.

Na yale matangazo ya sindano za "seli shina" za goti, kisukari na nguvu za kiume, ami, weka pesa zako.

Ni vibali gani vinahitajika?

Idhini ya kamati ya maadili inayotambuliwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Taarifa za mgonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sampuli ikitoka nchini kuna mkataba wa kuihamisha na kibali chake, na kifungashio cha tabaka tatu chenye alama ya UN 3373. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili kinachosomeka. Tuliwahi kupewa fomu iliyotafsiriwa ikamwita mtoaji "mfadhili", na mgonjwa akauliza ufadhili wenyewe ni shilingi ngapi.

Nikibadilisha mawazo baada ya kutia sahihi?

Tupigie, au mwambie muuguzi akupe msimbo wako, huhitaji kutoa sababu. Flaski zako zinatolewa kwenye inkubeta, vichupa vyako vinatolewa kwenye nitrojeni, vyote vinapita kwenye otoklavu nyuzi 121, na tunakuandikia tarehe ilipofanyika. Matokeo yaliyokwisha kuchapishwa bila jina lako hayawezi kurudishwa, na hilo limeandikwa kwenye fomu ukurasa wa pili, mstari ambao wengi huuruka. Matibabu yako wodini yanaendelea vile vile.